Ekzosi Mpya kwa Petroli ya Zamani

Kila majira ya baridi, katika karakana za Minnesota, Quebec na kaskazini mwa Finland, pikipiki za theluji hufunuliwa boneti na mabomba yake ya ekzosi ya kiwandani huwekwa kando. Mahali pake hufungwa bomba la kununua, jepesi, lenye mlio mkali na ahadi ya nguvu za ziada. Kazi ya kulifunga ni ndogo: springi chache, gasketi moja au mbili, na kuhakikisha halikwaruzani na fremu. Madhara huja baadaye. Mtu anajikuta mbali na barabara, baridi ni nyuzi 25 chini ya sifuri, na pistoni yake moja ina tundu katikati.

Sina ugomvi na mabomba hayo, na baadhi yake yametengenezwa kwa ustadi mkubwa. Ninachokipinga ni kuyanunua kama pambo. Pikipiki nyingi za theluji, chombo chenye ski mbili mbele na mkanda mpana wa mpira nyuma, bado zinatumia injini ya mipigo miwili, ukoo uleule wa injini zinazojulikana na kila aliyewahi kuchanganya oili na petroli kwa ajili ya boti au msumeno wa kukatia magogo. Katika injini hiyo bomba la ekzosi ni kiungo cha injini, sawa na pistoni. Ukilibadilisha umebadilisha injini, na kila kitu kilichopangwa kuendana na bomba la zamani kinahitaji kupangwa upya.

Injini ya mipigo miwili haina vali ya kutolea moshi kama ya gari. Kuna tundu kwenye ukuta wa silinda ambalo pistoni hulifungua ikishuka na kulifunga ikipanda. Tundu likiwa wazi, moshi unatoka huku hewa mpya yenye petroli ikiingia, na sehemu ya hiyo mpya hutoroka pamoja na moshi. Bomba lipo ili kuirudisha. Linaanza jembamba, linapanuka kama koni, linakuwa na tumbo, kisha linabana tena hadi kwenye kijibomba chembamba cha kutolea moshi. Wimbi la shinikizo linalotoka kwenye silinda likifika panapopanuka, sehemu yake hurudi kama mvuto na kusaidia kuisafisha silinda. Likifika panapobana, hurudi kama msukumo. Bomba likiwa limepimwa vizuri, msukumo huo hufika kwenye tundu muda mfupi kabla pistoni haijalifunga, na mchanganyiko uliotoroka hurudishwa ndani.

Aliyeliinua jambo hili hadi kuwa sayansi ya mashindano ni Walter Kaaden, mhandisi wa kampuni ya MZ huko Zschopau, Ujerumani Mashariki. Kufikia 1961 injini yake ya sentimita za ujazo 125 ilikuwa ikitoa takriban nguvu za farasi 25, kiwango cha ajabu kwa wakati huo. Mwaka huohuo dereva wake, Ernst Degner, alitorokea Magharibi wakati wa mbio za Sweden, akahamia Suzuki na maarifa aliyoyapata MZ, na mwaka 1962 akaipatia kampuni hiyo ubingwa wa dunia katika daraja la sentimita za ujazo 50. Siri iliyobebwa kuvuka mpaka ilihusu, kwa sehemu kubwa, umbo la bomba.

Muda ambao wimbi la shinikizo linao ndani ya bomba ni mfupi mno. Injini ikizunguka mara 8,000 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua sekunde 0.0075, na tundu la ekzosi huwa wazi kwa takriban nusu ya huo. Wimbi linasafiri kwa kasi ya sauti, na kasi ya sauti inategemea joto: katika hewa ya nyuzi 20 ni mita 343 kwa sekunde, katika gesi ya nyuzi 500 inakaribia mita 550. Kwa hiyo bomba la baridi na bomba la moto ni mabomba mawili tofauti ingawa chuma ni kimoja. Ndiyo maana mashine nyingi za kisasa zina sensa ya joto la bomba, na kompyuta ya injini hurekebisha muda wa cheche kwa kuisoma. Bomba la kununua lisilo na mahali pa kufungia sensa hiyo, kwenye mashine iliyotoka kiwandani nayo, mimi ningelirudisha dukani siku hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye petroli, kwa kuwa hapa ndipo injini nyingi zinapouawa. Bomba bora hubakiza hewa nyingi zaidi ndani ya silinda, na hewa zaidi inadai petroli zaidi. Kabureta halina habari kwamba umebadilisha bomba. Hata kompyuta ya injini nyingi hizi haipimi hewa inayoingia. Inatazama ufunguzi wa mafuta, idadi ya mizunguko, joto na shinikizo la hewa ya nje, kisha inatoa petroli kwa jedwali lililoandikwa kiwandani kwa bomba la kiwandani. Matokeo yake ni mchanganyiko wenye petroli pungufu, unaowaka kwa joto kali na kuelekea kugonga: sehemu ya mchanganyiko hulipuka yenyewe badala ya kuungua kwa mpangilio. Aluminiamu safi huyeyuka kwenye nyuzi 660, na aloi za pistoni huanza kulegea chini ya hapo. Dakika moja ya kugonga huku mafuta yamefunguliwa yote inaweza kutosha.

Kwa hiyo petroli hurekebishwa kwanza, na nguvu huonjwa baadaye. Kwenye kabureta, anza na jeti, yaani kitundu cha kupitishia petroli, kubwa kuliko unayodhani inahitajika, halafu shuka hatua kwa hatua. Kwenye sindano za petroli, tumia programu au kisanduku cha marekebisho kilichotengenezwa kwa bomba hilohilo na injini hiyohiyo. Tumia petroli ya oktani inayotakiwa na mtengenezaji, ambayo kwa injini nyingi zenye nguvu ni 91 kwa kipimo cha Marekani. Na usifungue kisanduku cha hewa siku hiyohiyo unayofunga bomba. Ukibadilisha mawili kwa pamoja, hutajua lipi limeleta lipi.

Mahali napo pana uzito wake. Roseau, mji wa Minnesota ambako kampuni ya Polaris ilizaliwa, uko mita 300 na kidogo juu ya usawa wa bahari. Cooke City, kijiji cha Montana kinachopendwa na waendeshaji wa milimani, kiko takriban mita 2,300, na shinikizo la hewa huko ni kama robo tatu ya lile la pwani. Jeti iliyochaguliwa Cooke City ikirudishwa Roseau bila kubadilishwa itaiua injini. Baridi huongeza tatizo: hewa ya nyuzi 30 chini ya sifuri ni nzito kwa takriban asilimia 20 kuliko ya nyuzi 20 juu yake. Marekebisho yaliyoonekana salama mchana wa Machi yanaweza kuwa hatari alfajiri ya Januari.

Kipimajoto cha ekzosi kinasaidia, ila wengi hukisoma vibaya. Namba ya mashine ya rafiki yako haikuhusu, kwa sababu kipimajoto kikisogezwa kidogo tu kwenye bomba namba hubadilika. Andika joto la injini yako ikiwa na bomba la kiwandani, kisha linganisha. Na ujue kwamba injini ikianza kugonga, joto la ekzosi linaweza kushuka, maana joto hilo sasa linaingia kwenye pistoni na maji ya kupoza. Anayeona sindano ya kipimajoto ikishuka na kudhani mambo yametulia, anaendelea kufungua mafuta wakati anaopaswa kuachia. Ushahidi ninaouamini zaidi uko juu ya pistoni. Baada ya kukimbia mafuta yakiwa wazi na kuzima ghafla, toa plagi na utazame ndani kwa tochi: kingoni, karibu na matundu ya kuingizia, kunapaswa kuwa na madoa safi yaliyooshwa na petroli. Yakitoweka kabisa, petroli haitoshi.

Halafu kuna klachi, ambayo hutofautisha chombo hiki na pikipiki ya kawaida. Hakuna gia za kubadilisha. Puli mbili na mkanda hujirekebisha zenyewe, na uzito ulio ndani ya puli ya mbele huamua injini ishikilie mizunguko mingapi. Bomba jipya likileta kilele cha nguvu kwenye mizunguko 8,300 wakati klachi inaizuia injini kwenye 7,900, umelipia mlio tu. Hapo uzito upunguzwe kwa gramu chache. Bomba likiongeza nguvu bila kuhamisha kilele, injini itapita mizunguko yake sahihi, na uzito uongezwe.

Kabla ya yote hayo, funga matundu ya injini na uijaze hewa ya shinikizo dogo, uone kama inavuja. Sili chakavu au mpira wa kabureta uliopasuka huvuta hewa ya pembeni, na injini iliyovumilia kasoro hiyo kwa bomba la zamani haitaivumilia kwa jipya. Angalia pia kinga ya joto, kwa kuwa bomba lisilo nayo huchoma plastiki na kudhoofisha mkanda wa klachi.

Kuhusu sauti, nina msimamo. Tangu 1975 mashine zinazothibitishwa Amerika Kaskazini hazitakiwi kuzidi desibeli 78 zikipimwa umbali wa mita 15 huku mafuta yamefunguliwa yote. Njia nyingi za Minnesota na Quebec hupita kwenye mashamba ya watu waliotoa ruhusa kwa hiari, na wanaweza kuiondoa. Chagua bomba lenye sailensa halisi, na lile la kiwandani lihifadhi pamoja na gasketi na springi zake, kwa sababu siku ya ukaguzi au ya kuuza mashine litahitajika.