Kifundo cha Mkono Kinapokataa Uzito

Mashambani Nanyala, wilayani Mbozi, kifundo cha mkono hakina likizo. Hushika jembe wakati wa kulima mahindi, hushika mkasi wakati wa kupogolea mibuni, na msimu wa kuchuma kahawa ukifika, vidole hukunjwa na kukunjuliwa kutwa nzima. Mchumaji anayeanza yoga ili kuunyoosha mgongo uliochoshwa na kuinama huweza kupata nafuu ya mgongo, kisha akashangaa kuona kifundo kinaanza kuuma.

Chanzo chake chaeleweka. Mikao mingi ya yoga, ukiwemo ule wa kunyoosha mwili kama ubao juu ya viganja na vidole vya miguu, na ule wa kuinua nyonga kama mbwa anayejinyoosha, hukibebesha kiganja uzito huku kifundo kikiwa kimekunjwa kuelekea nyuma, katika ubao karibu nyuzi 90. Kifundo kina mifupa midogo 8, nacho kimeumbwa kwa ajili ya kugeuka kwa wepesi kuliko kubeba mwili. Upande wa kiganja ipo njia nyembamba ambamo hupita kano 9 pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Njia hiyo ikibanwa, kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete hufa ganzi, hasa usiku.

Si kila maumivu ni ya aina hiyo. Yapo yanayokaa upande wa kidole gumba na kuzidi mtu akikamua nguo au kumbeba mtoto. Hayo ni ya ala ya kano, na daktari wa upasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliyaeleza mwaka 1895. Mchumaji wa kahawa anayachochea kila siku kabla hata hajatandika mkeka, kwa hiyo mazoezi peke yake yasilaumiwe.

Ushauri wa "vumilia, utazoea" ni mbaya, na hauna budi kukataliwa. Marekebisho yenyewe ni mepesi. Mtu aweza kuegemea vigasha, yaani sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kifundo, badala ya viganja. Aweza kukunja ngumi ili kifundo kibaki kimenyooka, mradi chini pawe laini. Khanga iliyokunjwa mara kadhaa na kuwekwa chini ya kisigino cha kiganja hupunguza mkunjo. Nayo hupatikana kila nyumba, kwa hiyo hakuna haja ya kuagiza vifaa mjini. Anayeumia zaidi afanye mkao uleule akiegemea ukuta, kwani uzito unaofika mkononi hupungua sana. Kiganja kinapogusa chini, vidole vitanuliwe na shina la kidole cha shahada likandamizwe, mzigo usimwangukie kisigino peke yake. Mikao ya kusimama na ya kulala chali haihitaji mkono hata kidogo, na mgongo hunufaika nayo vilevile.

Ganzi isiyoisha, msuli ulionywea chini ya kidole gumba, au kudondosha vitu ovyo ni mambo ya kupelekwa kituo cha afya bila kusubiri msimu uishe.

Lipo pia jeraha la kuanguka. Barabara kuu ya kwenda Tunduma ina bodaboda nyingi, na anayeanguka hutanguliza kiganja. Maumivu katika kishimo kilicho chini ya kidole gumba huweza kuwa dalili ya kuvunjika kwa mfupa mdogo ambao hupata damu yake kwa shida, na usipotibiwa sehemu yake huweza kufa. Picha ya kwanza ya eksirei huweza kuonekana safi ilhali mfupa umevunjika. Kwa hiyo mgonjwa hufungwa mkono na kurudi kupigwa picha nyingine baada ya siku 10 hadi 14, na muda huo wote mkono huo haubebeshwi uzito, mkekani wala shambani.