"Mjomba" au "Baba Mdogo"? Tatizo la Kufasiri Filamu ya Mpweke kwa Wasikilizaji wa Bunia

Filamu ya One Hour Photo, iliyoandikwa na kuongozwa na Mark Romanek na kuanza kuonyeshwa mwaka 2002, ni kazi ya taharuki ya kisaikolojia. Mhusika wake mkuu, Seymour Parrish, aliyeigizwa na Robin Williams, ni msafishaji picha katika duka kubwa huko Marekani. Hana mke, mtoto wala rafiki. Kwa miaka mingi amekuwa akitoa nakala moja ya ziada ya kila picha ya familia ya Yorkin na kuibandika ukutani nyumbani kwake. Tamaa yake ni kuhesabiwa miongoni mwa familia hiyo, na mtoto wao, Jakob, amwone kuwa "uncle" wake.

Hapo ndipo mfasiri wa Kiswahili anapokwama. Neno hilo la Kiingereza halibagui upande wa mama na upande wa baba, Kiswahili kinabagua. Akiitwa mjomba, Seymour anakuwa ndugu wa Nina, mama wa mtoto, na ghadhabu yake anapogundua kwamba mume wa Nina ana hawara itaeleweka kuwa ni ghadhabu ya kaka anayemtetea dada yake. Akiitwa baba mdogo, au ami kama wasemavyo watu wa pwani, anakuwa ndugu wa mume, yaani mtu awezaye kuketi mahali pa baba. Jina la kwanza linampunguzia ubaya. La pili linaufichua mapema. Hata hivyo la pili ndilo lililo karibu zaidi na filamu, kwa sababu Seymour hujiona katika njozi zake akiwa ndani ya nyumba ile kama mwenyeji.

Kiswahili cha Bunia, ambacho Nico Nassenstein na Gerrit Dimmendaal walikiandikia makala mwaka 2019, kinaishi bega kwa bega na Kilingala na Kifaransa. Mfasiri anaweza basi kukimbilia tonton, neno la Kifaransa lisilobagua upande. Lakini tonton huitwa karibu kila mwanamume wa rika la wazazi, mwenye duka akiwemo. Neno ambalo Seymour amelitamani miaka yote hiyo, mtoto wa Bunia angempa siku ya kwanza bila kufikiri.

Je, taharuki imekwisha? La, imehama tu. Jina la undugu si lazima lifungue mlango: Wakongo waliwaita Wabelgiji noko, yaani mjomba kwa Kilingala, wala hakuna aliyedhani kwamba ukoo umeongezeka. Tazama pia neno yaya. Kwa Mtanzania au Mkenya, yaya ni mlezi wa mtoto anayelipwa mshahara. Mashariki ya Kongo, yaya ni kaka au dada mkubwa. Sentensi "yaya amemchukua mtoto" humweka mtu ndani ya ukoo au nje yake, kutegemea masikio ya anayeisikia.

Zaidi ya hayo, tangu vita vya Ituri vya mwaka 1999 hadi 2003 na machafuko yaliyofuata, familia nyingi za Bunia zimewapokea wakimbizi wa ndani majumbani mwao. Mpweke wa mji huo, basi, huenda hayuko nyuma ya meza ya duka. Amelala chumba cha pili, anaitwa tonton, na anajua nani amerudi usiku wa manane.

Kujua huko kuna historia yake katika fasihi ya Afrika. Katika riwaya ya Ferdinand Oyono, Une vie de boy ya mwaka 1956, iliyofasiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Boi, mtumishi Toundi anaijua siri ya bibi wa nyumba aliyemsaliti mumewe. Kwa Romanek, mfanyakazi anayeijua siri ndiye anayeshika kisu. Kwa Oyono, ndiye anayekamatwa na kupigwa, akatoroka na kufa kwa majeraha yake. Msikilizaji aliyelelewa katika nchi iliyokuwa na maboi wa Wazungu anaweza kuitazama nusu nzima ya kwanza ya filamu akimhofia Seymour mwenyewe, wala si familia ya Yorkin.