Kufyonza Mwanga Nje ya Msawazo: Kitenzi, Njeo na Dhana ya Kifizikia

Katika Kiswahili cha sayansi, tukio la mwanga kuingia katika maada na nishati yake kubaki humo huitwa ufyonzaji. Baadhi ya waandishi hutumia kitenzi sharabu. Vitenzi hivi havibebi picha moja. Nyuki hufyonza: mtendaji yupo na anavuta. Mchanga husharabu: maji huingia palipo na nafasi. Kwa maada iliyotulia, tofauti hiyo haina madhara makubwa. Kwa maada iliyosukumwa nje ya msawazo, picha isiyofaa humpotosha msomaji tangu mwanzo.

Maada imo katika msawazo wa joto pale ambapo mgawanyo wa elektroni zake katika ngazi za nishati unatawaliwa na halijoto pekee. Hapo ngazi ya chini huwa na elektroni nyingi kuliko ya juu. Mwaka 1916 Albert Einstein alionyesha kuwa mwanga unaopita hufanya kazi mbili kwa pamoja: huipandisha elektroni iliyo chini, na huichochea iliyo juu ishuke huku ikitoa fotoni inayofanana na ile iliyoichochea. Ngazi zikiwa na uzito sawa, uwezekano wa kazi hizo mbili ni mmoja. Kwa hiyo kinachopimwa maabara na kuitwa ufyonzaji ni salio tu, yaani zilizopanda kutoa zilizoshushwa. Katika msawazo salio hilo ni chanya daima, ndiyo maana ni rahisi kusahau kwamba ni salio.

Theodore Maiman alipowasha leza ya kwanza nchini Marekani mwaka 1960, usahaulifu huo haukuwezekana tena. Rubi iliyomulikwa kwa taa ya mmweko ilifyonza mwanga wa kijani na wa zambarau, na zaidi ya nusu ya ayoni zake za kromiamu zikapanda ngazi ya juu, ambako hudumu kwa takriban milisekunde 3. Kwa mwanga mwekundu wa nanomita 694 salio likageuka kuwa hasi: mwanga ulitoka ukiwa mwingi kuliko ulivyoingia. Wanafizikia husema ufyonzaji hasi. Nyuki hana namna ya kufyonza kihasi. Sharabu inasaidia kidogo, kwani kitambaa kilicholowa chepechepe hakipokei zaidi. Lakini hicho nacho hakitoi maji kwa sababu tu maji mengine yamepita juu yake. Fyonza imekwisha kuota mizizi, na kuing'oa kungeleta mkanganyiko mpya. Kinachohitaji kurekebishwa ni fasili: neno salio liwemo ndani yake.

Suala la njeo ni zito zaidi. Fasili za kamusi na vitabu vya kiada hupendelea kiambishi hu-: "rubi hufyonza mwanga". Hu- haitaji wakati. Nadharia ya mwitiko iliyoandikwa na Ryogo Kubo mwaka 1957 inaruhusu usemi huo, kwa kuwa katika msawazo mwitiko wa maada hutegemea muda uliopita tangu iguswe, si saa iliyoguswa. Nje ya msawazo mambo hubadilika. Semikonda ikipigwa kwa mmweko mfupi wa leza, elektroni hujaza ngazi za juu, nafasi za kupokea hupungua, na mmweko wa pili unaofuata punde hukuta ufyonzaji umeshuka. Ukichelewa, hukuta umerejea. Mwitiko sasa unahitaji nyakati mbili, na mbinu aliyoichapisha Leonid Keldysh mwaka 1964 hubeba zote mbili ndani ya hesabu yake. Mwandishi wa Kiswahili anazo nyenzo zake: "imeacha kufyonza", "haijaanza kufyonza tena", "ilikuwa ikifyonza ilipopigwa". Kushikilia hu- hapa ni kosa la kifizikia, ingawa sarufi haina lawama.

Hata hivyo, kuwa nje ya msawazo si lazima kuwe kubadilika. Leza ya semikonda inayolishwa umeme usiopungua wala kuzidi iko mbali na msawazo wa joto, lakini hali yake ni ileile kila inapopimwa. Kwa leza hiyo hu- inarudi kihalali, mradi sharti litajwe: "ikilishwa umeme wa kutosha, huukuza mwanga ambao isipolishwa huufyonza."