Filta ya bei mbaya haipunguzi mafuta

Wadau, naulizwa sana: nikifunga filta ya wazi na bomba pana la hewa kwenye pikapu yangu, itakula mafuta kidogo? Jibu langu: usitegemee.

Injini ya petroli yenye injekta ina sensa ya hewa. Kompyuta inachanganya takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Hewa ikizidi, na mafuta yanazidi. Tena ukienda taratibu, kinachobana hewa ni kile kipepeo cha throto, sio filta.

Mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge, Marekani, ilipima magari ya injekta yakiwa na filta zilizozibwa. Ulaji wa mafuta haukubadilika, ila gari likawa zito kuchanganya. Sasa kama filta iliyoziba haiongezi mafuta, hiyo ya bei mbaya itapunguza nini? Labda gari la kabureta, hapo filta chafu inakula mafuta kweli.

Nguvu kidogo ukikanyaga mpaka chini unaweza kupata, sikatai. Lakini kwenye barabara za vumbi, filta ikipitisha mchanga, pistoni na ringi zinasagika. Bora ujaze upepo matairi, upunguze mwendo na mzigo.

Mnasemaje wadau?