Bwawa la Samaki Nyumbani: Tuweke Bomba la Chini au Tusiweke?

Asiyepata kukausha bwawa kwa ndoo asimcheke aliyechoka. Mwaka jana, kiangazi kilipokaribia kwisha, nyumba yetu ya hapa Kagerankanda iliamua kuvuna samaki wa bwawa letu la kwanza. Tulianza mara baada ya swala ya Alfajiri tukiwa watu kumi, wakubwa kwa vijana. Ilipofika Adhuhuri, migongo imekakamaa na viganja vimechubuka, maji yalikuwa yameshuka shubiri moja tu.

Hesabu tuliifanya baadaye, na ingefaa tuifanye mapema. Bwawa lenye urefu wa mita 20, upana wa mita 15 na kina cha wastani cha mita 1 hubeba maji lita 300,000. Kwa ndoo ya lita 20, hizo ni ndoo 15,000. Hata watu kumi wakichota kila mmoja ndoo moja kwa dakika bila kupumzika, watahitaji saa 25.

Tukaacha ndoo, tukapitisha wavu, tukatoa wale wakubwa walionaswa. Wengine walijizika katika tope. Juu ya hao tukamimina vifaranga wapya, tukashukuru na kwenda zetu. Miezi sita baadaye tulijua kosa letu: bwawa lilijaa perege wa ukubwa wa kidole. Samaki tele, kitoweo hakuna.

Sasa tunachimba bwawa la pili, na vigingi vimekwisha kusimamishwa. Swali lililotukalisha kikao baada ya swala ya Isha ni hili: je, tupitishe bomba chini ya tuta ili bwawa liweze kukaushwa, au tufukie tuta lote kama tulivyofanya mwanzo?

Si swali dogo kwa familia za nyanda hizi za Kasulu na Kibondo. Ziwa Tanganyika liko mbali, na samaki wake huja kwetu wakiwa na nauli juu ya bei. Mwaka 2024, uvuvi ziwani humo uliposimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana, ilionekana wazi kwamba nyumba yenye bwawa lake ina akiba ya kitoweo. Lakini bwawa lisilovunika ni shimo la maji tu.

Bomba lenyewe hufanyaje kazi

Bomba la plastiki la inchi nne hulazwa upande wa bwawa wenye kina kirefu zaidi, usawa wa sakafu, likateremka kidogo kuelekea nje. Hulazwa kabla tuta halijajengwa. Kwa tuta la kimo cha mita moja na nusu, kitako chake huweza kufikia mita saba, hivyo vipande viwili vya mita sita vinahitajika, na salio hutumika upande wa ndani.

Huko ndani hufungwa elbo, na juu ya elbo husimamishwa bomba jingine lenye kimo cha maji unayoyataka. Maji yakizidi wakati wa mvua, huingia kwa juu na kutoka yenyewe, tuta likasalimika. Ukitaka kupunguza maji, unalilaza bomba la kusimama kidogo kidogo. Ukililaza kabisa, bwawa hukauka, kwa kadiri ya mteremko, katika muda wa siku moja hivi. Mdomo wa bomba hufungwa wavu ili samaki wasitoroke.

Wapo wanaoongeza jambo moja la maarifa: huvisha bomba pana zaidi juu ya lile la kusimama, nalo likatobolewa matundu kwa chini na mdomo wake ukapita juu ya usawa wa maji. Hapo maji yanayozidi hutoka kwenye sakafu, penye kinyesi, mabaki ya chakula na hewa haba, badala ya kutoka juu penye maji mazuri.

Hoja za kijana na hoja za mama

Kijana wetu mkubwa alikuwa upande wa bomba, na hoja zake zilikuwa nzito. Perege huzaliana mapema, na vizazi vikichanganyika katika bwawa moja, chakula hakitoshi na wote hudumaa. Dawa yake ni kuvuna wote, kuacha sakafu ipigwe na jua mpaka tope lipasuke, kunyunyiza chokaa ya kilimo, kisha kuanza upya kwa vifaranga wa rika moja. Ukavu huo huua pia mayai na wadudu walao vifaranga, na humtoa kambale aliyejificha topeni, ambaye akibaki atawala vifaranga wapya kabla hawajakuwa kitu. Tope lenyewe ni mbolea kwa migomba.

Mama watoto alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Ukitoboa tuta, umeyaonyesha maji njia."

Alikuwa na haki. Udongo haushikani na plastiki kama unavyoshikana na udongo mwenzake. Maji hupenya pembezoni mwa bomba, yakachukua chembe moja baada ya nyingine, na tuta likaja kubomoka usiku wa mvua kubwa. Kinga yake ni kuzungushia bomba kola za zege mahali pawili au patatu ndani ya tuta, na kushindilia udongo wa mfinyanzi wenye unyevu kwa tabaka nyembamba, si kuumwaga wote kwa siku moja. Fundi mwenye haraka hafai kazi hii.

Alitaja na jambo la pili ambalo sisi wanaume hatukulifikiria. Bwawa lisilo na bomba haliibiki kirahisi, kwa kuwa mwizi naye atahitaji ndoo 15,000. Lenye bomba huweza kukaushwa usiku mmoja na mwizi, au mchana mmoja na mtoto anayecheza. Kwa hiyo bomba la kusimama lifungwe mnyororo na kufuli, na bwawa lizungushiwe uzio. Uzio huo ni wa lazima hata pasipo bomba, maana maji ya mita moja yanatosha kumzamisha mtoto.

Jambo la tatu ni gharama. Bomba, elbo, saruji na kufuli vitanunuliwa kwa fedha ile ile inayosubiriwa na sare na madaftari. Kijana alijibu kwamba bomba hununuliwa mara moja, na kazi ya ndoo hurudi kila mavuno. Mama akasema, "Basi lisiwekwe mahali ambapo halitafanya kazi." Kauli hiyo ndiyo iliyotupeleka bondeni kesho yake asubuhi.

Kwanza uitazame ardhi

Maji hayapandi. Ili bomba la chini likaushe bwawa, mdomo wake wa nje lazima uwe chini kuliko sakafu ya bwawa, na mbele yake pawe na mfereji unaozidi kuteremka. Mabwawa mengi ya mabondeni yamechimbwa mahali tambarare: sakafu iko mita moja chini ya ardhi yote inayolizunguka. Hapo bomba ni fedha iliyozikwa.

Kupima ni rahisi. Chukua mpira mwangavu uliojazwa maji, kama mafundi ujenzi wafanyavyo wanapopima msingi. Maji katika ncha zake mbili husimama usawa mmoja, nawe utajua ardhi ya mbele imeshuka kiasi gani. Sisi tuliona imeshuka vya kutosha. Tukafurahi, mpaka tulipoinua macho na kuona mteremko ule unaishia wapi: katika maharage ya jirani yetu, bibi mmoja mjane anayelima bonde hilo kila kiangazi.

Maji yako, shamba la nani?

Wengi hufikiri habari ya bomba inaishia kwenye tuta, kumbe ndiko inakoanzia. Lita 300,000 zikiachiliwa kwa siku moja huweza kung'oa miche na kuijaza tope. Imepokewa katika Sahihi Bukhari na Muslim kwamba az-Zubayr (r.a.) alizozana na mtu wa Ansari juu ya maji ya mfereji, na Mtume (SAW) akamwelekeza az-Zubayr amwagilie, kisha amwachie jirani yake maji. Aliye juu ana haki, lakini ana na wajibu kwa aliye chini yake. Ikiwa si halali yake kumzuilia maji jirani, hakika si halali yake kumgharikisha.

Tulimwendea bibi jioni. "Shikamoo bibi," nikamwamkia, nikamweleza shida yetu. Alikaa kimya kwa muda, akichambua maharage kwenye ungo. Kisha akasema: "Maji siyakatai, mwanangu. Nayakataa yasiyopiga hodi."

Makubaliano yalifanyika mbele ya mwanawe na jirani mwingine. Bwawa litakaushwa wakati wa kiangazi tu, maharage yanapohitaji maji, si masika shamba linapokuwa limelowa. Tutampa habari wiki moja kabla. Maji yatatolewa kwa siku kadhaa, kidogo kidogo, yakipitia kwanza kwenye shimo la kutuliza tope, ndipo yaingie katika mfereji wake. Kwa mbolea iliyomo katika maji hayo, huenda yeye akafaidika kuliko sisi.

Wavu wa bomba nao una maana pana kuliko hasara ya samaki watatu. Vijito vyetu hushukia Mto Malagarasi, ambao ardhioevu yake, Malagarasi-Muyovozi, iliingizwa mwaka 2000 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, ikiwa ya kwanza kwa Tanzania. Mto huo una perege wake wa asili. Sato wa kufugwa akitoroka, huweza kuchanganya kizazi na wenyeji na kuwapoteza.

Kwa wasio na mteremko

Asiye na mteremko asikate tamaa. Anaweza kukodi pampu na jirani zake na kupanga mavuno yafuatane. Anaweza kununua vifaranga madume watupu, wasiozaliana ovyo. Anaweza pia kuinua bwawa kwa kujenga tuta juu ya ardhi badala ya kuchimba, ikiwa chanzo cha maji kipo juu ya hapo. Lakini asikate tuta la zamani ili kupenyeza bomba bila fundi mzoefu, maana kiraka cha udongo ndipo tuta linapovunjikia. Kwa sababu hiyo bwawa letu la kwanza tumeliacha kama lilivyo.

Kabla ya jembe la kwanza, mwite bwana samaki wa halmashauri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu, au zinazoweza kuleta uharibifu, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au chanzo cha maji, na kuchepusha maji ya kijito kunahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde. Ni afadhali kuhamisha vigingi kuliko kufukia bwawa.

Tulivyoamua

Sisi tumeamua kuweka bomba. Limelazwa, kola zimekauka, na tuta linapanda tabaka kwa tabaka. Mwezi wa Agosti mwakani, inshaallah, tutavuna, tutawatoa wote, kisha sakafu itapumzika juani hadi mvua za Oktoba au Novemba, maana wakati wa kiangazi kijito hakina nguvu ya kujaza bwawa upya, na kukinyang'anya maji yake machache ni kuwadhulumu wengine. Bwawa la kwanza litahifadhi samaki wazazi katika miezi hiyo.

Kwa familia inayokusudia kuchimba, maswali ni matatu, na yaulizwe kwa taratibu hii. Je, ipo ardhi iliyo chini kuliko sakafu ya bwawa? Je, ardhi hiyo ni ya nani, naye amekubali? Je, tuta bado halijajengwa? Ukijibu ndiyo yote, bomba litakutumikia miaka mingi. Ukijibu hapana hata moja, weka fedha yako mfukoni, tafuta njia nyingine.

Kufuli ya bomba imekwisha kununuliwa. Ufunguo anao mama watoto.