Moyo Unapokwenda Mbio Ghafla: Tusiiogope Sindano ya Dharura

Mwezi huu tunapenda kuzungumzia jambo lililowahi kuleta ugomvi kando ya kitanda cha mgonjwa. Mama mmoja wa Kibaoni aliletwa kwa bajaji, moyo ukimwenda mbio tangu alfajiri. Ndugu zake walikuwa wamepoteza nusu siku wakibishana kama ni presha au ni mapepo. Tulipomchoma sindano alishika kifua akasema, "Nakufa." Kaka yake akamkamata muuguzi mkono, akidai tumemwua dada yake. Kabla hawajaachana, mama alivuta pumzi ndefu akasema, "Umetulia." Kosa lilikuwa letu: hatukuwaeleza mapema. Leo tunaeleza.

Moyo huendeshwa na umeme mdogo unaotengenezwa ndani yake wenyewe. Mtu mzima akiwa amepumzika, moyo hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Kwa watu wengine umeme huo hupata njia ya pembeni, ukaanza kuzunguka pasipo kutoka. Hapo moyo huruka ghafla hadi mapigo 150, hata 200 na zaidi. Mgonjwa husikia kifua kinadunda, kizunguzungu, jasho na pumzi fupi. Hali hii huwapata hata vijana wenye afya njema. Si mapepo, wala si woga.

Lakini si kila moyo unaokwenda mbio una ugonjwa huu. Homa ya malaria, upungufu wa damu, kuharisha sana, kutokwa damu na ugonjwa wa tezi la shingo pia huongeza mapigo. Hapo hutibiwa chanzo chake. Kwa hiyo kwanza tunapima presha na kipimo cha umeme wa moyo, yaani ECG.

Mgonjwa akiwa na presha nzuri, huanza bila dawa. Anapuliza kwa nguvu ndani ya bomba la sindano kwa sekunde 15, kisha tunamlaza chali mara moja na kuinua miguu yake kwa sekunde nyingine 15. Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kuwa, kati ya kila wagonjwa 100 waliofanya hivyo, 43 walitulia. Waliopuliza bila kulazwa na kuinuliwa miguu walitulia 17 tu.

Isiposaidia, hutolewa dawa iitwayo adenosini. Kazi yake ni kama ya askari wa barabarani anayesimamisha magari yote kwa kitambo ili msongamano ufunguke. Hufunga njia ya umeme kwa sekunde chache, na mzunguko ule hukatika. Nusu ya dawa huisha katika damu kwa muda wa chini ya sekunde 10. Ndiyo sababu huchomwa haraka sana kwenye mshipa mkubwa wa mkono na kusukumwa papo hapo na maji ya chumvi. Mtu mzima huanza na miligramu 6. Moyo usipotulia, huongezwa 12.

Sasa sikilizeni vizuri, ninyi ndugu wa mgonjwa. Kwa muda huo mfupi mgonjwa huona uso unawaka, kifua kimebanwa, na hata kuhisi anakufa. Kwenye mashine mstari unaweza kunyooka kwa sekunde chache. Hiyo ndiyo kazi ya dawa, na hupita upesi. Mshikeni mkono, mwambieni ahesabu polepole.

Kabla ya sindano, tuambieni kama mgonjwa ana pumu, anatumia dawa gani, na kama amekunywa kahawa au chai nyingi, maana hizo hupunguza nguvu ya dawa. Msifiche na dawa za kienyeji. Mgonjwa aliyezimia au ambaye presha yake imeshuka sana huhitaji kushtuliwa moyo kwa umeme wa mashine, bila kukawia.

Nyumbani, mketisheni mgonjwa na mhesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa sekunde 15, kisha mzidishe mara 4. Msimbonyeze macho, wala msimpe vidonge vya presha vya jirani. Akizimia, akiumwa kifua au akikosa pumzi, mleteni mara moja, hata usiku. Mtoto mchanga ambaye moyo wake unakwenda mbio kupita kawaida, amepauka na hataki kunyonya, naye asingoje asubuhi.

Baada ya kupona, tunzeni karatasi ya ECG kama mnavyotunza kadi ya kliniki. Ugonjwa ukirudi, karatasi hiyo humfupishia daktari kazi. Wanaopatwa mara kwa mara waombe rufaa kwa madaktari wa moyo, kama wale wa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Yule mama alirudi Kibaoni kwa bajaji, na kaka yake ndiye aliyembebea mkoba. Nusu siku ile ya mabishano ingeweza kumgharimu maisha. Ninyi msiipoteze.