Utata wa Neno "Gesi" katika Mjadala wa Nishati Morogoro

Mjini Morogoro, neno gesi hubeba dhana mbili, kwa kuwa vipambanuzi vyake hudondoshwa katika mazungumzo. Gesi asilia, ambayo hasa ni methani, iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na kuanza kuzalisha umeme Ubungo mwaka 2004. Humfikia mkazi wa Morogoro hasa ikiwa umeme wa gridi. Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani uagizwao kutoka ng'ambo. Kwa hiyo, wingi wa ile ya kwanza haupunguzi bei ya hii ya pili. Asiyemudu mtungi hurejea kwenye mkaa, na misitu ya Uluguru, chimbuko la maji ya Ruvu yanywewayo Dar es Salaam, huzidi kuelemewa. Kutenganisha istilahi ni hatua ya awali ya kupanga vyanzo mbalimbali vya nishati.